Plagi za Lori la Ukweni

Siku yangu ya kwanza gerejini nilifika nikiwa na mabega mapana na akili kidogo. Nilikuwa nimetoka kupasua mbao kwenye shamba la mzungu mmoja chini ya Mlima Elgon, nimeoa karibuni, na nilidhani gereji ni mahali pengine pa kutumia nguvu. Hiyo ilikuwa Kitale, miaka ya ishirini ikielekea kwisha, wakati reli ilikuwa bado ngeni na barabara ziligeuka tope mvua ya kwanza ilipogusa ardhi. Bwana Meneja, Mwingereza mrefu aliyevuta kiko chake hata karibu na petroli, alinitazama mabega tu. Akaniashiria niende nyuma kwa Fundi Mkuu.

Fundi Mkuu alikuwa Singasinga, na kilemba chake kilikuwa kitu pekee safi katika banda lile la mabati. Hakuniuliza jina. Alinishika mkono wa kulia, akaugeuza, akaminya kiganja kama anayechagua parachichi sokoni, kisha akanipeleka kwenye ukuta wa nyuma palipokuwa na meza ya chai. Juu ya meza ulipita waya kutoka msumari mmoja hadi mwingine, na kwenye waya zilining'inia plagi zilizovunjika. Kila moja ilikuwa na kipande cha bati, na kwenye bati limechongwa jina la aliyeivunja.

Ninyi vijana mliozoea injini za dizeli, labda hamjawahi kuishika plagi, basi niwaeleze. Plagi ni kile kidude cha chuma na kauri nyeupe kinachochomekwa juu ya kila silinda ya injini ya petroli ili kitoe cheche. Sehemu yake ya chini ina thredi, ile mikunjo inayozunguka kama ya skrubu, na hiyo ndiyo inayoishika kwenye hedi, kifuniko kizito cha chuma kinachofunika silinda zote. Bila cheche silinda hailipuki, na lori la silinda sita lenye cheche nne hupanda mlima likikohoa kama mzee wa kifua.

Nilimwuliza Fundi Mkuu plagi ya kwanza kwenye waya ilikuwa ya nani, maana bati lake lilikuwa limeshika kutu hata halisomeki.

"Ya mimi," akasema. "Kila mtu nakunywa chai hapa, naona. Wewe iko na nguvu ya ng'ombe. Injini hapana taka ng'ombe. Injini nataka mkono nasikia."

Nilicheka moyoni. Mkono unasikiaje, na masikio yamewekwa kichwani? Ilinichukua muda mrefu kuelewa, na nilipoelewa nilikuwa tayari nimeanza kuota mvi.

Malori ya siku zile yalikuwa na plagi zilizosimama wima juu ya hedi, kila moja katika kishimo chake. Kishimo hicho kilipokea kila kitu: maji ya mvua, vumbi la mahindi, tope, na mafuta yaliyovuja. Injini ikipata moto, vyote vikaungua pamoja na kuwa gundi. Dereva naye, akiona plagi imelegea kidogo, aliikaza kwa nguvu zote alizopewa na Mungu, akidhani anaisaidia. Ikifika siku ya kuitoa, plagi na hedi vilikuwa vimeshikana kama chuma kimoja.

Ukiivuta kwa pupa, mawili yanaweza kutokea. La kwanza, kauri inapasuka kwa sababu umeinamisha spana, na vipande vinaweza kudondokea ndani na kuikwaruza silinda. La pili ndilo baya zaidi. Chuma chenyewe kinakatika, kichwa unabaki nacho mkononi na shina linabaki ndani ya hedi. Hapo lazima hedi yote ivuliwe, shina litobolewe polepole na keekee, na ukitoboa upande thredi za hedi zimekwisha. Gereji yetu ilikuwa na sheria kwamba aliyevunja plagi ndiye anayeitoboa, peke yake, wengine wakinywa chai mbele yake.

Fundi Mkuu alinifundisha hivi. Kwanza unasafisha kishimo kwa pampu ya magurudumu na brashi, ili uchafu usiingie ndani plagi ikitoka. Pili unawasha injini ipate joto, kisha unaizima na kusubiri mpaka uweze kuweka kiganja juu ya hedi na kukiacha hapo muda wa sala fupi. Chuma baridi kimekaza, alisema, na chuma cha moto sana ni laini, thredi zake zinachunika. Tatu unamwagia shina la plagi mchanganyiko wa mafuta ya taa na mafuta mepesi ya mashine. Halafu unakwenda kunywa chai. Hiyo chai haikuwa uvivu, ilikuwa kazi. Plagi inakunywa, na wewe unakunywa, na asiyemaliza kikombe chake haruhusiwi kurudi kwenye injini.

Ukirudi, unachukua boksi spana, ile inayoivaa plagi kama kofia, na kuigonga juu kidogo kwa mpini wa nyundo ili kuamsha kutu. Unashika mkono wa spana pande zote mbili ili isiegemee popote. Na hapa ndipo wageni walipomcheka Fundi Mkuu: unaanza kwa kukaza. Kukaza kidogo mno, unywele tu, ili ile kutu ipasuke. Ndipo unalegeza. Plagi ikisogea, unasimama, unairudisha ilikotoka, unaongeza mafuta, unalegeza tena kupita pale. Ikilia kwa sauti kavu, unaacha mara moja. Kuna mahali chuma kinapoanza kujipinda kabla ya kukatika, na mahali hapo hapaonekani kwa macho. Mkono ndio unaopasikia.

Nilikaa chini ya Fundi Mkuu miaka mingi. Nilipanga chumba mtaa wa Tuwan, baadaye nikahamia Kibomet, hapo hapo Kitale, na mke wangu Nekesa, tukapata watoto wetu pale. Bwana Meneja alikuwa akinituma mashambani kwa baiskeli, boksi la spana limefungwa nyuma, na wazungu wa mahindi walinikaribisha kwa hasira maana trekta zao zilikuwa zimekufa wakati wa kulima. Mmoja alisimama juu yangu na saa mkononi akitaka kujua kwa nini nakunywa chai yake badala ya kutoa plagi zake. Nilimwambia nazitoa. Alikwenda kumlalamikia Bwana Meneja kwa simu, na aliporudi trekta lilikuwa linanguruma.

Vita vya Hitler vilipokwisha, Fundi Mkuu alizeeka na kurudi kwa wanawe Kisumu. Siku ya kuondoka alikunywa nami chai chini ya ule waya. Hakutoa hotuba. Alishika mkono wangu, akaminya kiganja kama siku ya kwanza, akasema, "Sasa nasikia kidogo." Nililia, sioni haya kusema, na naye alijifanya kilemba kimemshuka machoni.

Baada yake nikaajiriwa Bungoma, kwenye karakana iliyotengeneza malori ya barabara. Mkubwa wangu alikuwa Msimamizi wa Karakana, mzee wa kutoka Pwani aliyevaa kanzu siku za Ijumaa na aliyeona Kiswahili chetu cha bara ni ugonjwa unaotakiwa kutibiwa kila asubuhi. Kama maandishi yangu yananyooka leo, ni kazi yake. Nilitundika waya kule pia, juu ya meza ya chai, na Msimamizi akauita rozari ya makafiri. Lakini aliukubali, kwa sababu plagi zilizovunjika zilipungua.

Sasa nifike kwenye lori lenyewe, maana katika kazi yote niliyofanya, kama mtu angeniambia nichague siku moja ya kukumbuka, ningechagua ile Jumamosi ya Bumula.

Bumula ndiko ukweni kwangu. Mama mkwe wangu alikuwa mjane, binti wa mhunzi, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo iliyotiiwa na watu wazima. Hakunitaka. Nekesa aliniambia wazi kwamba mama yake alisema amemwoza binti yake kwa harufu ya mafuta. Mwenyewe hakuniambia, na asingeweza kuniambia, kwa sababu kwetu mkwe na mama mkwe hawasemezani. Hawapeani mkono, hawaketi chumba kimoja, hawaangaliani usoni, na mama halitamki hata jina la mkwe. Nikifika kwake kwa lango la mbele, yeye anatokea la nyuma. Kwa miaka yote ile ya ndoa nilimjua mama mkwe wangu kwa mgongo na kwa kikohozi.

Baada ya vita, jeshi liliuza malori yake makuukuu, na yeye na wanawe wakauza ng'ombe wakanunua moja. Hawakuuza ng'ombe hivi hivi tu. Waliuza wale alioachiwa na marehemu mumewe, ambao alikuwa akiwaita kwa majina kila jioni. Mwanawe mkubwa, Wanjala, ndiye aliyeendesha, akichukua mahindi na pamba za majirani hadi stesheni ya Bungoma. Nyumba nzima ilikula kutoka kwenye lori hilo. Kisha likaanza kukohoa. Silinda mbili zilikufa kabisa, na mlima mdogo wa kwenda Bungoma ukawa unamshinda hata akiwa hana mzigo.

Fundi mmoja wa sokoni alilitazama, akajaribu plagi, akaona hazitoki, akasema ataleta bomba refu achomeke kwenye mkono wa spana apate nguvu zaidi. Wanjala alikuwa tayari. Mama yake ndiye aliyekataa. Alisema lori lisiguswe na mtu mpaka aitwe yule. Wanawe walimwuliza yule nani, na yeye akaendelea kusema yule, mpaka wakaelewa.

Nilipoambiwa hayo nilizikagua spana zangu mara mbili. Plagi mpya zilipatikana, lakini vipuri vikubwa vya lori lile havikuwa vikiletwa tena. Hedi yake, ikiharibika, hakuna nyingine. Plagi moja ikikatika vibaya, lori ni chuma chakavu, na ng'ombe wa marehemu wamekwenda bure. Na aliyewapoteza atakuwa ni yule mkwe mwenye harufu ya mafuta.

Nilifika Bumula Jumamosi mchana. Mama mkwe alikuwa nyuma ya ghala la mahindi, maana niliona ncha ya kitambaa chake ikijificha. Wanjala alinipokea kwa maneno mengi.

"Shemeji, hii gari imenimariza bana. Si uiangarie tu vizuri."

Niliifungua boneti. Plagi zote sita zilikuwa zimezungukwa na kitu cheusi, kigumu, kilichojaza vishimo hadi juu. Nilidhani ni mafuta yaliyoungua. Nilikwangua nilichoweza, nikawasha injini ikapata joto, nikazima, nikasubiri kiganja changu kitulie juu ya hedi, nikamwagia mafuta ya taa, nikaketi kunywa chai. Ndugu wa mke wangu walisimama wakinitazama nikinywa. Mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba fundi wa mjini ni rahisi kumtunza, anatumia majani na maziwa tu.

Nilimaliza kikombe, nikarudi, nikagonga, nikakaza unywele. Hakuna. Nikalegeza. Hakuna. Niliongeza mafuta na nikajaribu plagi ya pili, na ya tatu. Mafuta yale hayakuingia popote, yalielea juu ya kile kitu cheusi kama maji kwenye jani la nduma. Nikajaribu tena ile ya kwanza, na safari hii nikasikia mkononi kile ambacho sikutaka kusikia: chuma kinaanza kujipinda. Niliachia spana papo hapo.

Wanjala akaleta bomba la maji. "Tuongeze hii, shemeji. Si hata wewe umechoka?"

Nikamwambia arudishe bomba lake, kisha nikawatuma yeye na ndugu zake dukani wakanitafutie mafuta mengine ya taa. Sikuyahitaji. Nilihitaji watu waondoke nipate kuogopa vizuri. Niliegemea lori lile nikiwa na hofu ambayo sijawahi kuwa nayo mbele ya mzungu yeyote, na nilijiuliza nitamwambia nini Nekesa.

Ndipo nikasikia kikohozi nyuma ya ghala. Kikafuatiwa na sauti ile ndogo. Haikunisemesha mimi.

"Wewe gari," ilisema, "mimi siongei na mtu, naongea na wewe. Si ulikuwa unatema mate pale juu, mtoto wangu akinung'unika kila siku? Mimi nikakuziba na ulimbo wa baba yangu. Nikakupaka masizi, wasione. Sasa ulimbo hautoki ukiwa baridi. Baba yangu akitaka kutoa kisu kwa mpini, alikuwa anatia kisu kwa moto kwanza, kinakuwa moto kabisa. Hiyo tu. Nimemaliza na wewe."

Nilisimama kama niliyemwagiwa maji. Sasa yote yalieleweka. Plagi zililegea, hewa ya silinda ikawa inatoroka pembeni ikipulizia mafuta juu, pyu pyu pyu, na hapo ndipo lori lilipokuwa likitema mate. Mtu mwingine angeita fundi. Yeye alikuwa binti wa mhunzi, na kwa wahunzi kisu kinachocheza kwenye mpini huzibwa kwa ulimbo, utomvu wa mti unaoyeyushwa motoni ukamiminwa ukiwa uji na kukauka mgumu kuliko mfupa. Alikuwa ameamka mapema, wanawe wakiwa bado wamelala, akawaokoa ng'ombe wake kwa njia aliyoijua. Na tangu siku ile alikuwa akibeba jambo hilo peke yake, akisikia lori likikohoa kila asubuhi na akijua ni mkono wake uliozuia plagi zisitolewe kusafishwa. Kuniambia mimi, ambaye hakutakiwa hata kunitazama, kulimgharimu kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Sikugeuka. Niliweka mkono juu ya boneti na kulijibu lori.

"Gari, nimesikia. Wenyewe wakirudi na kuniuliza, nitawaambia ni kutu."

Nyuma ya ghala nikasikia nyayo zikienda jikoni.

Haikuwa rahisi kutii. Fundi Mkuu alinifundisha nisiguse plagi mpaka kiganja kitulie, na sasa nilitakiwa kuigusa wakati kiganja kingeungua. Thredi za chuma cha moto zinachunika, hilo lilikuwa kweli bado. Lakini mafuta yangu hayakuingia, na chuma kilikuwa kimeshaanza kujipinda. Basi niliamua moto nitautumia kwa ulimbo, na mkono nitautumia kwa chuma, polepole kuliko nilivyowahi kufanya.

Ndugu wa mke wangu waliporudi, walikuta nimefunika redieta kwa gunia ili injini isipate upepo. Niliiacha ingurume mpaka mvuke ukaanza kutoka. Harufu ikapanda, si ya mafuta, ni ile harufu tamu ya moshi inayotoka kwenye vibanda vya wahunzi wetu. Nilizima, nikazungusha kitambaa mikononi, nikavisha spana, nikakaza unywele. Ikasikika tak, kavu kabisa. Wanjala alifumba macho. Mimi niliusikiliza mkono, na mkono ukasema si chuma, ni ulimbo. Nikalegeza kidogo, nikarudisha, nikalegeza tena. Plagi ikapanda ikivuta nyuzi nyeusi nyuma yake, nzima, kauri yake nyeupe bila ufa.

Hapo kazi ikawa ya subira. Injini ikipoa, ulimbo unashika tena, na injini haiwezi kuwashwa ikiwa na tundu wazi. Kwa hiyo kila plagi iliyotoka ilibidi nyingine iingie mahali pake kabla ya kuendelea. Nilikuwa na plagi kuukuu niliyoikata mifereji kwa msumeno pembeni mwa thredi zake, na hiyo ukiipaka grisi na kuizungusha ndani ya tundu, mifereji inakusanya uchafu wote. Nilisafisha hivyo, nikaingiza plagi mpya kwa vidole tupu mpaka ikakaa yenyewe, ndipo nikaimalizia kwa spana. Kwa vidole, vijana. Plagi inayoanzishwa kwa spana inaweza kuingia upande, na hapo umejitengenezea msiba wako mwenyewe. Kisha tunawasha tena, tunangoja moto, tunazima, tunakwenda kwenye inayofuata.

Ya mwisho ilikuwa nyuma kabisa, karibu na ukuta wa chumba cha dereva, mahali ambapo spana haisimami wima bila kugusa bati. Ilikataa. Nilikaza, nikaiacha. Niliwasha tena, nikafunika redieta zaidi. Jua lilikuwa limeanza kuelekea Uganda na hakuna aliyekuwa akizungumza tena juu ya chai. Nilijaribu, nikasikia inalia kavu, nikaacha. Wanjala alinipumulia shingoni mpaka nikamwomba akapumulie wengine. Niliwasha tena. Safari hii nilipokaza, kitu kikalainika chini ya vidole vyangu, kidogo kama mtu anayekubali jambo bila kusema, na plagi ikazunguka.

Nilizipanga zote sita juu ya fenda. Hakuna hata moja iliyovunjika. Wanjala aliokota moja, akagusa ule weusi, akainusa.

"Shemeji, hii ni nini?"

"Kutu."

"Kutu inanuka hivi?"

"Hii ni kutu ya jeshi," nikamwambia.

Kutoka jikoni tulisikia mtu akicheka ndani ya kitambaa chake, na Wanjala akageuka kushangaa kwa nini mama yake anacheka na sufuria. Lori liliwaka kwa mguso wa kwanza, silinda zote sita. Alilipeleka mpaka barabarani na kulirudisha akiimba.

Kabla sijarudi Bungoma niliacha blanketi kwa Nekesa ampelekee mama yake. Ukweni kwangu, mkwe akimpa mama mkwe blanketi anaomba soni iondoke kati yao, wawe wanasalimiana kama watu. Mama akilipokea na kulivaa mbele yake, imekwisha. Mama mkwe alilipokea, lakini hakulivaa. Alilikunja akaliweka kwenye kikapu, na Nekesa alipomwuliza alisema baridi haijafika. Baridi haikufika kwa miaka mingi. Lakini kila mavuno kuku aliyefungwa miguu alishuka kutoka kwenye lori la Wanjala, na salamu za mama zilikuwa kwa daktari wa gari.

Nilistaafu kabla ya Uhuru kufika, macho yakiwa yamechoka kuliko mikono. Mara nyingi vijana huniuliza kama kazi ya zamani ilikuwa ngumu kuliko ya sasa. Hapana. Ninyi mna vifaa vizuri, na dawa za kulainisha kutu mnanunua dukani ndani ya mkebe. Ninachoona mmepungukiwa ni chai. Mnamwaga dawa na mkono mwingine tayari uko kwenye spana. Mngejua mafundi wangapi nimewaona wakitoboa hedi peke yao kwa kukosa kumaliza kikombe, mngenunua majani kabla ya spana. Na kitu kingine: kabla hujailaumu plagi, uliza nani aliigusa mwisho na kwa nini. Mara nyingi aliigusa kwa mapenzi.

Siku ya sherehe yangu ya kustaafu, Msimamizi wa Karakana alikuja na kanzu yake ingawa haikuwa Ijumaa, akatoa hotuba ndefu yenye Kiswahili kisichokuwa na kosa. Alipokuwa katikati, lori la Bumula likaingia uani, Wanjala kwenye usukani, injini ile ile ikinguruma kwa silinda zote. Mlango wa pili ukafunguka. Nilianza kuondoka ili nipishe, kama desturi ilivyotaka, lakini Nekesa alinishika shati.

Mama mkwe wangu alishuka polepole. Ilikuwa jua kali la adhuhuri, watu wote wanapepea kofia, na yeye alikuwa amejifunika blanketi. Lilikuwa bado na mikunjo ya kikapu. Alitembea mpaka mbele yangu, akaniangalia usoni, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba Nekesa amechukua macho yake.

"Niletee huo mkono," akasema.

Nikampa. Aliugeuza, akaminya kiganja, taratibu, kama alivyofanya Fundi Mkuu siku yangu ya kwanza.

"Kumbe ni raini," alisema. "Mimi nirifikiri wa fundi ni mgumu."

Kisha, akiwa bado ameushika, akawageukia wanawe waliosimama kando ya lori, akamtazama Wanjala hasa, na kicheko kile cha jikoni kikaanza kumtingisha mabega.

"Sasa waambie," akaniambia. "Haikuwa kutu."

Nikawaambia pale pale, mbele ya Msimamizi na wageni wote, mkono wangu ukiwa ndani ya wake. Na kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeniruhusu, leo nimewaandikia na ninyi.